Aliyotuletea Domina Kutoka Patmo

Kabla sijamsema Domina, nijiseme mimi kwanza. Jumapili ile aliposimama kutoa ushuhuda, aliyepaza "Amina" kuliko wote nilikuwa mimi, Adela, nimekaa safu ya mbele na kitenge changu kipya. Kwa hiyo mtu asidhani ninamwandika nikiwa mahali safi. Nilikuwa mlemle ndani.

Tulipanga pamoja fleti moja huko Wheaton, Maryland, ghorofa ya tatu. Mimi nilikuwa nikitandika vitanda vya hoteli mjini. Yeye siku tano za wiki alilala kazini, kwa bibi kizee aliyekuwa akimtunza, kisha Jumamosi anarudi kwetu na mfuko wa nguo chafu, anakaa kwenye kochi na kunyamaza saa nzima kama mtu aliyeshushwa kutoka kwenye mashine. Domina alikuwa mpole, tena mpole wa kuudhi. Ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba msamaha. Nimegombana naye mara nyingi kwa sababu hiyo tu, na zote niligombana peke yangu.

Alizaliwa Kashozi, si mbali na Bukoba mjini. Alisoma hadi kidato cha nne, akaajiriwa Posta, na kwa miaka minane kazi yake ikawa kupanga barua za watu kwenye masanduku. Alipenda kutuambia kwamba katika miaka ile yote hakuwahi kufungua bahasha ya mtu, hata zile zilizofika zimechanika na noti zinachungulia. Nilimwamini, na bado namwamini. Mwaka 1991 alikuja huku na familia ya ofisa wa ubalozi kulea watoto. Familia ilipohamishwa yeye akabaki, akasomea uuguzi msaidizi, na tangu hapo akawa anaosha, analisha na kugeuza kitandani wazazi wa watu wengine. Mama yake mwenyewe alifariki Kashozi bila Domina kuwepo, lakini hilo hakulisema sana.

Bibi aliyekuwa naye mwaka 1999 aliitwa Kalliopi, Mgiriki wa miaka themanini na minane, mjane. Mwanawe, daktari wa meno, aliamua kumpeleka mama akaone kisiwa alikozaliwa kabla macho hayajazima kabisa. Ilibidi apatikane mtu wa kumwogesha na kumvisha kwa majuma matatu, naye ni nani kama si Domina? Alitupa habari hiyo kwenye ushirika wetu wa Kiswahili, Jumapili moja ya mwezi wa nne, katika ukumbi wa chini wa kanisa tuliloazimwa Columbia Heights. Aliisema kama mtu anayeomba ruhusa ya kukosa zamu ya kupika chai.

"Kinaitwaje hicho kisiwa?" akauliza Mzee Ezekiel, kiongozi wetu, Mnyakyusa aliyekuwa mlinzi wa maegesho ya magari siku za kazi na mtu wa Mungu mwisho wa wiki.

"Patmo, baba."

Mzee Ezekiel akavua miwani. "Patmo? Patmo ileile?"

Ukumbi ukalipuka. Kwa watu wengine kisiwa cha Wagiriki ni bahari na kuotea jua. Kwetu sisi Patmo ni mahali alipofungwa Yohana akaonyeshwa mambo ya mwisho, na tulikuwa tumelisikia jina hilo tangu shule ya Jumapili bila hata mmoja wetu kufikiri kwamba panafikika, kwamba kuna meli inakwenda na tikiti inakatwa. Kuanzia dakika ile Domina hakuwa tena mfanyakazi anayekwenda kumwogesha mama wa daktari wa meno. Alikuwa mjumbe wetu.

Juma lililofuata tuliandika mahitaji yetu ya maombi, kila mtu na kikaratasi chake. Vilikuwa ishirini na tatu. Mzee Ezekiel alivitia kwenye bahasha ya kaki, akailamba, akaibandika utepe wa gundi pande zote mbili mbele ya macho yetu. Tukamwekea Domina mikono.

"Uiweke palepale alipolala Yohana," mzee akamwambia. "Halafu, mwanangu, usirudi mikono mitupu. Urudi na neno."

Domina akaitia bahasha kifuani.

Yaliyotokea kisiwani alinieleza baadaye, na ninayaandika jinsi alivyonieleza. Walifikia bandarini kwa ndugu za bibi, nyumba nyeupe yenye ngazi nyingi mno kwa kiti cha magurudumu. Juu kabisa ya mlima, mahali ambapo huwezi kukwepa kupaona, ipo monasteri, mawe meusimeusi kama ngome, na nyumba nyeupe zimeizunguka. Mle ndani kuna makumbusho. Wapwa wa bibi walimbeba juujuu na kiti chake hadi ndani, na Domina akafuata nyuma na mfuko wa nepi.

Aliona sanamu za watakatifu zilizochorwa kwenye mbao, kofia za maaskofu zenye vito, majoho ya hariri yaliyofumwa kwa nyuzi za dhahabu. Aliona kurasa za ngozi zilizotiwa rangi ya zambarau na kuandikwa kwa herufi za fedha, zina zaidi ya miaka elfu, na mtunzaji aliyekuwa akipiga miayo pembeni. Bibi Kalliopi hakutaka zambarau wala vito. Alitaka kusukumwa hadi kwenye joho moja lililokuwa pembeni, si zuri kuliko mengine, kwa sababu bibi yake ndiye aliyewahi kuitwa kulishona upya kitambaa cha ndani. Akaweka kiganja kwenye kioo na kulia. Domina akamfuta machozi, akamfuta na kamasi. Walirudi kwenye joho hilo mara tatu katika majuma yale matatu.

"Nilimwonea wivu, Adela," aliniambia. "Bibi wa watu hawezi hata kujifunga kifungo, mimi namwonea wivu. Mle ndani alikuwa na chake. Mimi nilikuwa na nepi."

Walikwenda pia kwenye nyumba ya kale ya matajiri iliyogeuzwa makumbusho, na hapo ndipo Domina alipofurahi kidogo, maana jikoni alikuta kinu na mchi, akasimama pale hadi wapwa wakamwita.

Kisha akapewa asubuhi moja ya kwenda kwenye pango. Alijifunga kitenge juu ya suruali, kwa kuwa mwanamke haruhusiwi kuingia na suruali, akapanda mlima kwa miguu na bahasha kifuani. Pango liko katikati ya njia, kanisa dogo limejengwa juu yake, unashuka ngazi kuliingia. Mwamba uko chini, unainama. Wakamwonyesha ufa uliogawanyika mara tatu, ambapo wanasema sauti ilitokea, na tundu lililozungushiwa fedha, ambapo Yohana alikuwa akilaza kichwa. Domina akapiga magoti. Akangoja.

"Nikangoja," alisema. "Nikasikia nta ya mishumaa. Nikasikia goti linauma. Nyuma yangu yule mama anayetembeza wageni anaeleza Kijerumani. Nikawaza kama bibi amepewa dawa yake ya presha. Basi. Hayo ndiyo yote niliyoyasikia Patmo."

Alipojaribu kuiweka bahasha karibu na lile tundu, mlinzi wa pango akatikisa kidole. Karatasi haziachwi. Akatoka nayo juani, na aibu, aliniambia, ilianzia palepale mlangoni kabla hajatenda kosa lolote. Watu ishirini na watatu wamemtuma, na yeye hakupokelewa mzigo wala hakupewa jibu.

Mchana ule, bibi amelala, Domina akaketi kwenye ngazi akakata utepe. Nia yake ilikuwa njema na nitamtetea hapo mbele ya yeyote. Alitaka kuviombea vile vikaratasi mwenyewe, kimoja kimoja, kwa jina la mwenye nacho. "Cha kwanza hadi cha nne niliomba hadi machozi," alisema. "Cha tano nikajikuta nasoma tu."

Akasoma vyote. Alijua yupi ana mke wa pili Morogoro, yupi amepoteza karatasi zake za uhamiaji, yupi anaogopa kupima damu. Alijua yangu.

Alirejea katikati ya mwezi wa sita, na Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa kuliko Pasaka. Wakongo waliotoka upande mwingine wa Maryland walikuja na watoto wamevaa soksi nyeupe. Domina alianza na makumbusho. Akaeleza majoho, akaeleza zile kurasa za zambarau na herufi za fedha. Tulisema "Amina" za adabu. Mtoto mmoja akalala. Mzee Ezekiel alikuwa amekaa ncha ya kiti.

"Asante mwanangu kwa hayo majoho," akasema. "Sasa neno. Pangoni ulipewa neno gani?"

Nilikuwa karibu naye kuliko wote, na niliona mguu wake ukitetemeka ndani ya sketi. Nilidhani ni Roho. Kumbe ni mtu amebanwa ukutani na watu wanaompenda.

"Nilionyeshwa," akasema, "dada mmoja hapa anamngoja mwanamume anayeahidi ndoa kila Krismasi. Asimngoje."

"Amina!" nikapiga kelele, nikaruka. Nani angejua habari za Silvanus wa Oxon Hill zaidi yangu na Mungu? Juma lile lile nilimwacha Silvanus, na kusema kweli kwa hilo sijutii, ingawa sipendi njia niliyoambiwa.

Baada yangu wakafuata wengine watatu, na kila aliyeguswa alilia, na kila alivyolia Domina alizidi kusonga mbele, sauti imebadilika. Kisha akasema: "Namwona mama. Watu wanakimbia vita, mizigo kichwani. Mama anamwambia mwanawe, rudi nyumbani, tumesahau sufuria. Kijana anarudi."

Kutoka nyuma ya ukumbi ulisikika mlio. Alikuwa Candide. Huyu mama alikuwa Mrundi aliyeishi Uvira, kwa Wakongo, ukimbizini hadi vita ya 1996 ilipomkimbiza tena, akaletwa huku peke yake mwaka 1998, akawa anafua mashuka katika nyumba ya wazee. Sote tulijua kwamba alipotezana na mwanawe Venuste, kijana wa miaka kumi na tisa, katika msongamano wa watu barabarani. Ndivyo alivyotuambia. Habari ya sufuria hakumwambia mtu. Aliiandika kwenye kikaratasi tu, kwa Mungu, na sasa ilikuwa imesemwa mbele ya watu mia na watoto wao.

Candide alikuja mbele akitambaa. Akamshika Domina miguu. "Mutumishi, niambie. Angali muzima?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao. Domina alimtazama yule mama chini, akanitazama mimi, nami nilikuwa natikisa kichwa kumhimiza, Mungu anisamehe, natikisa kichwa kama mpumbavu.

"Yuko hai, mama," Domina akasema.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita dada. Alikuwa mtumishi. Simu ya fleti yetu ilipigwa hadi tukaichomoa. Yeye akaanza kuchukua zamu za Jumapili, akidai bibi amezidiwa, na mimi nikasambaza kwamba mtumishi amejitenga kwa maombi. Unaona jinsi nilivyokuwa msaada.

Candide hakujitenga. Alifanya analofanya mtu aliyeambiwa mwanawe yu hai. Aliacha kazi ya mashuka, akatangaza kurudisha funguo za chumba chake, akaomba hati ya safari ya wakimbizi, akakata tikiti ya Dar es Salaam mwezi wa tisa, na kutoka Dar angekwenda Kigoma kwa treni na kuvuka ziwa. Ng'ambo ile vita nyingine ilikuwa inawaka mwaka mzima sasa. Watu wa ushirika walimwonya kidogo, lakini kwa sauti ya chini, maana utabishaje na neno lililotoka Patmo?

Domina aliniambia ukweli katika chumba cha kufulia nguo cha jengo letu, mashine zikizunguka, siku moja ya Agosti. Aliniambia yote niliyoyaandika hapo juu, na mwisho akatoa kwenye mfuko wa aproni vile vikaratasi, vyote ishirini na tatu, vimelainika kwa kushikwashikwa. Niseme kitu cha kwanza nilichowaza? Niliwaza kwamba alisoma kikaratasi changu. Mama wa watu anakwenda kufa vitani, mimi nawaza nilivyomwandika Silvanus. Ninaona aibu hata sasa ninapoiandika sentensi hii.

Cha pili nilichofanya kilikuwa kibaya zaidi. Nilimwambia anyamaze.

"Ukisema, ushirika unavunjika," nikamwambia. "Na pengine kijana yu hai kweli. Wewe unajuaje?"

"Sijui," akasema. "Ndiyo maana, Adela. Sijui, na nilisema najua."

"Nyamaza kwanza. Tutafute namna."

Namna hatukuipata, kwa kuwa hatukuitafuta. Domina alikonda. Alikuwa akishika kijiko na kukirudisha. Zilipita Jumapili mbili, na ya tatu Mzee Ezekiel akatangaza maombi ya kumuaga Candide, anaondoka Alhamisi. Jumatatu asubuhi nilipoamka nilimkuta Domina amekaa kwenye kochi, amevaa viatu. Hakwenda kwa bibi siku hiyo.

"Nakwenda kwa Candide," akasema. "Sikuombi uje."

Nilikwenda. Nilitaka niseme ni ujasiri, lakini nadhani niliogopa kubaki peke yangu kwenye fleti ile.

Mtaa wa Candide ulikuwa umechimbuliwa kwa ajili ya kituo kipya cha treni, vumbi tupu, tukapita juu ya mbao. Alitufungulia amejifunga kanga kiunoni, sanduku limefunguliwa sakafuni, mashati ya kiume mapya yakiwa bado na pini zake. Alikuwa amemnunulia Venuste mashati. Nilipoyaona nilitaka kugeuka nirudi.

"Mutumishi! Umekuja kuniaga. Ingieni, ingieni, minafunga tu mizigo."

Domina alipiga magoti palepale penye zulia. "Mama Candide, nilikudanganya. Pangoni sikuonyeshwa kitu. Nilifungua bahasha, nikasoma kikaratasi chako. Yote niliyosema yalitoka humo. Kwamba yuko hai, hilo nililitunga mwenyewe."

Candide akacheka kwa upole, akamshika mkono amwinue. "Apana, dada yangu. Shetani iko nakujaribu. Kazi kubwa kama ile, lazima akurudie akutie mashaka. Simama tuombe."

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuungama na asiaminiwe. Domina akatoa kikaratasi, akakiweka kwenye kiganja cha Candide.

Candide aliujua mwandiko wake kabla hajasoma. Lakini alisoma, midomo ikitembea. "Mungu Baba, mimi ndiye nilimurudisha Venuste ku nyumba juu ya sufuria. Unionyeshe kama angali muzima." Akageuza nyuma kuona kama kuna kingine. Hakukuwa na kingine.

Aliketi kitandani. Mashine za kuchimba barabara zilikuwa zikiguguna nje. Nilitamani atupige. Angetupiga kila mtu angejua la kufanya.

"Kaka yangu aliniandikia," akasema hatimaye, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Barua ilifika mwezi wa ine, kabla haujaenda. Alisema watu walimuzika Venuste ku barabara ya Fizi. Akaandika majina ya wale walimuzika. Mmoja ninamujua, ni muntu mukweli." Akakunja kikaratasi mara mbili. "Sikuambia muntu. Nilisema, ningoje Patmo itasema nini. Patmo ikasema yuko hai. Basi nikachoma barua ya kaka yangu."

Domina alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Alijaribu kushika miguu ya Candide, na Candide akaivuta miguu yake nyuma. Si kwa hasira. Aliivuta tu.

Kisha akainuka. Akalifunga sanduku na mashati yake, akalisukuma chini ya kitanda. Akalitoa godoro kitandani, akaliburuta hadi sebuleni, akalilaza sakafuni, na sisi wawili tulisimama kama milingoti bila kumsaidia kwa sababu hatukujua kama mikono yetu inaruhusiwa. Akafungua kanga kiunoni akajifunga kichwani. Akaniangalia mimi.

"Wewe, Adela, pigia Mzee Ezekiel simu. Mwambie nimefiwa. Awaambie wengine."

Halafu akamgeukia Domina, na hakumwita mtumishi, wala dada.

"Domina. Miezi mitatu ulinizuia kulia mutoto wangu. Sasa watu watakuja, na kila muntu atauliza, si ulisema yuko hai? Mimi sitakuwa na nguvu ya kujibu. Wewe utakaa pale ku mulango. Kila mwenye kuingia, utamwambia."

Akaketi kwenye godoro, na kilio kilichomtoka kilisikika hadi kwa wale wachimbaji, maana mashine zilizimwa.

Walikuja. Walianza saa nane mchana, wengine na sare zao za kazi, wengine na maboksi ya maji na sufuria za wali, na kila mmoja alimkuta Domina amesimama penye fremu ya mlango, mikono imeshikana mbele. Niliteka maji, nikachemsha chai, nikahesabu bila kutaka. Kwa kila mmoja aliyaanza upya yote, bahasha, utepe, kikaratasi, na hakuruka hata sehemu moja. Wapo waliomtazama na kupita. Mmoja alimtemea mate miguuni, na ni yule mwenye mke wa pili Morogoro. Nami nilikuwa jikoni nikisikia, nikijua kwamba pale mlangoni palikuwa na nafasi ya watu wawili.

Mzee Ezekiel alifika wa kumi na tisa, anahema kwa ngazi, tai imekaa upande.

"Shikamoo, baba," Domina akasema. "Kabla hujaingia, kuna jambo nimeagizwa nikuambie." Nikaweka birika chini, nikatoka jikoni, nikasimama kando yake.

"Na mimi nilijua, baba," nikasema.

Domina hakunitazama. Alianza kueleza, na alipofika kwenye jina la Venuste sauti ilimkatika, palepale ilipokuwa imemkatika mara zote kumi na nane.